Kinu cha nyuklia cha Kinshasa kilizimwa, lakini taka zake hazizimiki

Kutoka Kasongo hadi Kinshasa ni mbali, na wakaaji wengi wa kusini mwa Maniema hawajui kwamba nchi yetu ndiyo iliyowasha kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika. Trico I ilianza mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium. Trico II ilifuata mwaka 1972, ikasimama mwaka 2004. Vyote viwili vilikuwa vya utafiti, si vya umeme.

Kinu kikizimwa, mionzi inabaki. Ndiyo maana wataalamu hupima taka kwanza: zina madini gani, nguvu kiasi gani, na zitadumu muda gani. Kobalti-60 hupungua nusu kila miaka 5 hivi, sesiamu-137 kila miaka 30, plutoniamu-239 kila miaka 24,000. Hapo ndipo huamuliwa kipi kihifadhiwe kwa muda na kipi kizikwe chini sana.

Kuhesabu nako ni ulinzi. Fimbo mbili za mafuta ya nyuklia ziliibiwa Kinshasa miaka ya 1970. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998.

Kwa wachimbaji wa Kasongo na Kabambare, somo liko karibu. Koltani mara nyingi hubeba uraniamu na thoriamu kidogo. Si bomu, lakini mifuko yake isiwekwe chini ya kitanda cha watoto, na vumbi lake lisivutwe. Mionzi haina harufu wala rangi. Kinachoijua ni kipimo tu.