Siri ya Mtu ni Jukumu la Umma
Siri ya mtu ni nini? Mwaka 1890 wanasheria wa Marekani, Warren na Brandeis, waliieleza kuwa haki ya kuachwa bila kubughudhiwa. Mwaka 1967 Alan Westin alikazia uwezo wa mtu kuamua habari zake zimfikie nani. Mwaka 2004 Helen Nissenbaum alitazama uhusiano: habari aliyopewa daktari kwa ajili ya tiba isimfikie mwajiri.

Hapo ndipo penye kiini. Kwenye intaneti mtu mmoja ni mnyonge mbele ya kampuni. Hukubali masharti bila kuyasoma, na habari zake hugeuzwa bidhaa. Kwa hiyo kinga yake ni jukumu la umma. Tanzania ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2022, lakini sheria peke yake haitoshi. Sisi makada tunaotunza orodha za wananchi tusizirushe mtandaoni: tumekabidhiwa, hatukupewa.