Istilahi kama Kipimo: Uagizaji wa Springi za Mgandamizo na Lugha ya Karakana Bwiza, Bujumbura

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna springi ya mgandamizo inavyosanifiwa na kutengenezwa kwa agizo maalumu. Inaonesha kwamba maneno matatu ya kawaida, yaani kipenyo, mizunguko na nguvu, yanaweza kuharibu kazi nzima yasipofafanuliwa. Inapendekeza kwamba uundaji wa istilahi za ufundi katika Afrika Mashariki utangulize utofautishaji wa vipimo kabla ya utafutaji wa majina ya vipuri.

1. Utangulizi

Bwiza, pamoja na jirani yake Buyenzi, ni miongoni mwa mitaa ya Bujumbura ambamo Kiswahili kimekuwa lugha ya biashara na ufundi tangu mji huo ulipoitwa Usumbura. Sheria ya lugha ya Burundi ya mwaka 2014 ilizitambua Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Hivyo fundi wa mitaa hii huweza kujadiliana na mteja kwa Kiswahili au Kirundi, akataja vipuri kwa maneno yaliyotoholewa kutoka Kifaransa, na akakutana na viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vilivyoandikwa kwa Kiingereza.

Mazingira haya huleta mjadala uliozoeleka: kipuri fulani kiitweje? Kwa kifaa kinachojadiliwa hapa majina hayapungui. Mtanzania atasema springi. Msemaji aliyezoea Kifaransa atasema resori. Na kamusi zinahifadhi neno la zamani kamani, ambalo hufungamana zaidi na saa na kufuli. Hata hivyo, wingi wa majina hauleti hasara kubwa, kwa sababu kifaa chenyewe kinaonekana mezani. Hasara hutokea pale vipimo vyake vinapotajwa.

2. Springi ya mgandamizo inavyofanya kazi

Mwaka 1678 Robert Hooke alichapisha London kanuni kwamba badiliko la urefu wa springi huenda sambamba na kani inayoisababisha. Uwiano huo, unaopimwa kwa nyutoni kwa kila milimita, ndio tunaouita hapa ukakamavu wa springi.

Jina "springi ya mgandamizo" linaeleza kinachoupata umbo zima. Waya yenyewe haigandamizwi, husokotwa. Springi inapobanwa, kila sehemu ya waya hupindishwa kuzunguka mhimili wake kama nguo inayokamuliwa. Kwa hiyo ukakamavu hutegemea mambo manne: uwezo wa chuma kuhimili msokoto, unene wa waya, kipenyo cha wastani cha springi, na idadi ya mizunguko hai, yaani ile inayosogea springi inapobanwa. Ili kuupata, uwezo wa chuma (takriban nyutoni 80,000 kwa milimita ya mraba) huzidishwa kwa unene wa waya uliopandishwa kwa kipeo cha nne. Zao hilo hugawanywa kwa mara nane ya kipenyo cha wastani kwa kipeo cha tatu, kisha kwa idadi ya mizunguko hai.

Vipeo hivyo ndivyo vinavyoifanya lugha kuwa suala la uhandisi. Kosa la asilimia 5 katika unene wa waya huzaa kosa la takriban asilimia 22 katika ukakamavu.

3. Maneno matatu yenye utata

Tuchukue mfano wa kubuni. Mteja analeta karakana moja ya Bwiza springi iliyovunjika, naye anataka nyingine ya aina hiyo. Waya ni ya milimita 4, upana wa nje ni milimita 36, urefu kabla ya kubanwa ni milimita 90, na mizunguko yote ni 10, ambapo miwili ya mwisho, mmoja kila upande, imelazwa na kusagwa ili springi isimame wima. Kipenyo cha wastani ni milimita 32, mizunguko hai ni 8, na ukakamavu ni takriban nyutoni 9.8 kwa milimita. Mzigo wa nyutoni 300 utaibonyeza springi hii kiasi cha milimita 31. Kwa kuwa mizunguko yote ikigusana urefu hubaki milimita 40, nafasi ya kubonyea ni milimita 50. Springi inafanya kazi kwa usalama.

Sasa mteja anasema tu, "Kipenyo ni 36." Fundi anayefikiria fimbo ya kuviringia waya anaweza kulielewa neno hilo kuwa kipenyo cha ndani. Kipenyo cha wastani kitakuwa milimita 40, na ukakamavu utashuka hadi nyutoni 5 kwa milimita. Mzigo uleule utahitaji milimita 60 za kubonyea, ilhali zipo 50. Springi itafunga kabisa, na kila mtikisiko utapita moja kwa moja hadi kwenye mtambo. Chuma hakikuwa kibovu na fundi hakukosa ustadi. Neno moja liliachwa bila kivumishi.

Neno mizunguko lina mtego wa namna hiyo. Mizunguko 10 ikichukuliwa kuwa ni hai yote, ukakamavu unakuwa nyutoni 7.8 badala ya 9.8.

Neno la tatu, nguvu, ndilo gumu zaidi. Mteja anayeomba springi "yenye nguvu" anaweza kumaanisha isiyobonyea kwa urahisi, inayobeba mzigo mkubwa, au isiyolegea wala kuvunjika baada ya matumizi ya muda mrefu. Maana hizi zina tiba tofauti. Aghalabu mteja hushauriwa kununua chuma bora zaidi. Lakini uwezo wa kuhimili msokoto hautofautiani sana kati ya vyuma vya kaboni vinavyotumika kwa springi. Chuma bora huinua kikomo cha mkazo kabla ya springi kulegea au kuvunjika. Hakiifanyi iwe kakamavu zaidi. Mteja anaweza kulipia ubora asiouhitaji, na tatizo lake likabaki palepale.

4. Hatua za utengenezaji

Waya nyembamba iliyokwisha kuimarishwa kiwandani huviringwa ikiwa baridi, juu ya fimbo katika mashine ya kukereza au kwa mashine maalumu. Ikiachiwa, hufunguka kidogo. Kwa hiyo fimbo lazima iwe nyembamba kuliko kipenyo cha ndani kinachotakiwa. Kisha springi hupashwa joto la wastani, mathalani karibu nyuzi 250 za selsiasi kwa waya ya kaboni ya aina hii, ili kupunguza mkazo uliobaki ndani yake. Joto likizidi mno, uimara wa waya hupotea. Baadaye ncha husagwa, springi hubanwa hadi mwisho ili ilegee mapema badala ya kulegea kazini, na hatimaye hupimwa kwa mzigo unaojulikana. Kila hatua inahitaji namba na jina la kile namba hiyo inachokipima.

5. Athari kwa sera ya lugha

Kiswahili hakikosi msamiati wa msingi. Fizikia ya Kiswahili ina kani, mkazo na kanieneo, istilahi zinazotenganisha yale ambayo neno nguvu huyachanganya. Kazi iliyobaki ni kuzifikisha istilahi hizo mahali pa kazi. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Mkataba wa Jumuiya, katika kifungu cha 137, unataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Lengo hilo litapimwa pia karakanani.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ishirikiane na taasisi za viwango, ikiwemo ile ya Burundi, kuandaa hati fupi ya agizo yenye mchoro na nafasi zisizo na utata: unene wa waya, kipenyo cha nje, cha ndani na cha wastani, urefu huru, urefu wa mwisho wa mbano, mizunguko yote na mizunguko hai, aina ya ncha, na mzigo katika urefu uliotajwa. Pili, hati hiyo iruhusu majina ya mahali, resori kando ya springi, mradi vipimo vibaki vilevile. Tatu, kila istilahi ijaribiwe na mafundi kabla ya kusanifishwa: watu wawili wasiojuana wasome agizo lilelile, na vipimo wanavyovielewa vilinganishwe.

6. Hitimisho

Istilahi ya ufundi hupata thamani yake pale inapomwezesha fundi asiyemwona mteja kutengeneza kitu kilekile alichokusudia mteja huyo. Kwa kigezo hicho, "kipenyo cha wastani" na "mizunguko hai" zinastahili kutangulizwa kuliko jina jipya la springi. Warsha ya kuzifafanua ina gharama ndogo, ilhali gharama ya kutozifafanua hulipwa kwa waya, kwa muda na, pale springi inapobeba usalama wa watu, kwa maisha.