Haki ya Njia, na Simu Mkononi

Alasiri moja ya mwezi wa Ramadhani, saa ambayo kila mtu wa Jomvu Kuu hukumbuka kitu alichosahau kununua, nilishuka matatu pale Kwa Jomvu, nikamlipa kondakta kwa simu, na kwa kuwa simu ilikwisha kufunguka nikaona si vibaya kuusoma ujumbe wa ndugu yangu huku nikitembea. Sikwenda hatua ishirini. Goti langu liligonga meza ya mama muuza viazi karai, sinia likainama, na viazi vitano au sita, vingali vya moto, vikabingirika mpaka kwenye tope la mtaro. Wala hakunitukana, jambo ambalo lingenipunguzia haya; alinitazama mimi, akaitazama simu, kisha akasema kwa upole wa watu wa kwetu, "Mwanangu, ndia waitazama kwenye simu?" Nikamwambia, "Niwia radhi, mama," nikamlipa thamani ya viazi vyake kwa simu ile ile iliyovimwaga, nikaenda zangu.

Kisa hiki kilinirudia juma lililopita barazani, baada ya sala ya isha, pale mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bandari alipotoa rai kwamba wakati umefika serikali ya kaunti ipige marufuku kutumia simu katika njia za waendao kwa miguu, kwani vijana, kwa kauli yake, wamekuwa kama waliolala usingizi wakiwa wima. Alisema kwamba kwingineko ulimwenguni jambo hilo limekwisha kufanywa sheria, na katika hilo alisema kweli. Nami, nikijua kwamba miongoni mwa waliokuwapo mimi ndiye niliyemwaga viazi, nilinyamaza, nikaazimia kuipima rai yake kwa insafu.

Mji wa Yamato, ulioko katika jimbo la Kanagawa nchini Japani, si mbali na Tokyo, ulipitisha amri mwezi wa Juni mwaka 2020, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai, ya kuwakataza watu kutembea huku wakitazama simu mahali pa hadhara. Mwenye haja na simu yake hutakiwa asimame pasipo kuwazuia wapitao, ndipo aitazame. Miezi michache kabla ya hapo wakuu wa mji waliwahesabu wapita njia wapatao 6,000, wakaona kwamba watu 12 katika kila 100 walikuwa wakienda macho yao yakiwa kwenye simu. Kabla ya Yamato, mji wa Honolulu katika visiwa vya Hawaii ulikwisha kutunga sheria iliyoanza mwezi wa Oktoba mwaka 2017, nayo humtoza faini mtu anayevuka barabara huku akitazama simu, kuanzia dola 15 na kupanda hadi dola 99 kwa mwenye kurudia kosa. Na mjini Chongqing nchini China, mwaka 2014, wenye uwanja mmoja wa burudani waliigawa njia kwa rangi, upande mmoja wa watazamao simu na upande wa pili wa wasiozitazama, kwa nusu mzaha na nusu nasaha.

Msomaji na aiangalie tafauti iliyopo baina ya miji hiyo miwili ya kwanza, kwani ndani yake mna hukumu nzima ya mambo haya. Sheria ya Honolulu ina faini, lakini haiigusi njia ya waendao kwa miguu; huanza pale mtu anaposhuka ukingoni na kuingia katika barabara ya magari. Amri ya Yamato huingia mpaka katika njia ya miguu, lakini haina adhabu yoyote. Ni nasaha iliyovaa joho la sheria. Yaani waliochukua fimbo hawakuifikisha kwenye njia ya miguu, na waliofika kwenye njia ya miguu hawakwenda na fimbo.

Si kwamba wanaotaka marufuku hawana hoja. Mwaka 2021 wataalamu wa Japani, Hisashi Murakami na wenziwe, walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya kwa kuyaendesha makundi mawili ya watu 27 yakielekeana katika njia moja. Watu wakiachiwa hivi hivi hujipanga wenyewe, huyu akamfuata yule, zikatokea safu zinazopishana pasipo mtu kuamrishwa. Lakini walipowekwa watu watatu tu wenye simu mbele ya kundi moja, safu zile zilichelewa kupangika na mwendo wa wote ukazorota. La ajabu ni kwamba si wenye simu peke yao waliobabaika, bali hata wale waliokuwa macho walishindwa kuepa vizuri, kwa sababu kupishana si kazi ya mtu mmoja. Kila mmoja hukisia mwenzake ataelekea wapi, na huyu mwenye simu hakisiki. Jaribio hilo lilipata ile tuzo ya Ig Nobel ambayo hupewa utafiti unaomchekesha mtu kwanza na kumfikirisha baadaye. Wazee wetu wasingelihitaji tuzo ili kulijua neno hili. Jomvu Kuu ni mji wa kale, kitovu cha Wajomvu, mojawapo ya Thenashara Taifa za Mombasa. Na katika miji ya namna hiyo, yenye vichochoro vya upana wa watu wawili, hakuna kupishana pasina kutazamana, na kutazamana hakukamiliki pasina salamu.

Basi madhara yapo. Walakini sheria haitungwi kwa kuwa madhara yapo tu, bali kwa kuwa yatokako panajulikana, na kwamba dawa itamfikia mwenye maradhi. Hapa ndipo rai ya mzee wetu inapoanza kuyumba. Kwa mujibu wa hesabu za mamlaka ya usalama barabarani, waendao kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaouawa na ajali katika nchi ya Kenya, zaidi ya thuluthi moja katika miaka ya karibuni. Jomvu imepitiwa na barabara kuu iendayo Nairobi, inayobeba shehena za bandari usiku na mchana, na mtu anayeishi kando ya barabara hiyo hana haja ya kuelezwa kinachoua. Ni mwendo wa trela, ni matatu inayosimama popote ilipomwona abiria, ni bodaboda inayokuja upande usiokuwa wake hali mwendeshaji amechomeka simu baina ya helmeti na sikio, akizungumza na mteja wa pili kabla hajamfikisha wa kwanza.

Ama hiyo njia ya miguu inayotakiwa kutungiwa sheria, nilikwenda siku moja nikaipima kwa hatua mia, nikianzia kituoni. Katika hatua hizo mia nilikuta bodaboda saba zilizopangwa kama farasi zizini, mafungu mawili ya mitumba juu ya turubai, jiko la muhogo, rundo la kokoto lenye majani yaliyoota juu yake, trela iliyopandisha gurudumu moja ili kuwapisha wenziwe, na mtaro uliokosa kifuniko ambao watu wa wema wameutia tawi la mti liwe alama. Nilishuka barabarani mara nne, na simu yangu wakati huo ilikuwa mfukoni. Mtu akigongwa katika mara nne hizo, na simu ikakutwa mkononi mwake, tutasema simu ndiyo iliyomuua. Lakini aliyemshusha barabarani ni nani?

Na sheria, kwa kweli, haikulala. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zimemwekea dereva anayetumia simu chombo kikienda faini ya shilingi 2,000, na anayeendesha chombo juu ya njia ya waendao kwa miguu shilingi 5,000, ilhali mwenda kwa miguu anayezuia magari kwa kusudi amewekewa shilingi 500. Viwango hivi vina hekima ndani yake, kwani aliyeviweka alijua kwamba dhamana hukua kwa kadiri ya uzito wa chombo, na kwamba mwenye tani thelathini hawezi kulinganishwa na mwenye kilo sitini. Marufuku ya simu njiani ingeupindua mpango huo, ikamtafuta kwanza aliye dhaifu, kwa sababu tu yeye ndiye rahisi kukamatwa.

Pia yafaa tujiulize, simu ni nini leo mkononi mwa mtu wa Jomvu Kuu? Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi mwaka 2007, simu imekuwa kibindo chake. Kwa hiyo simu hulipa nauli, hununua nazi na sukari, hupokea ada ya mtoto, na hata faini ya askari hulipwa kwayo. Fundi wa bomba huipokea kazi yake akiwa njiani, kwani hana afisi nyingine. Kumwambia mtu wa namna hii asiishike simu katika njia ni kumwambia asikishike kibindo chake sokoni. Na neno la utekelezaji nalo lisisahauliwe, kwani askari atakayepewa uwezo wa kumsimamisha kila mwenye simu amepewa uwezo wa kumsimamisha kila mtu, na watu wa mwambao wanajua mazungumzo ya namna hiyo humalizikia wapi.

Wala sisemi kwamba marufuku hazifai kitu. Kanuni zile za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilizotangazwa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004, zililazimisha mikanda na vidhibiti mwendo katika matatu, na nchi nzima ililalamika kisha ikatii. Lakini zilianza na wenye magari, kwani hao ndio waliokuwa na nguvu ya kuua. Kwa kipimo hicho naikubali sehemu moja ya rai ya mzee wetu, nayo ni ile ya Honolulu, kwamba avukaye barabara aivuke macho yake yakiwa juu, kwani pale hapana nafasi ya kuomba radhi baadaye. Sehemu iliyobakia, ya njia ya miguu yenyewe, naitoa mkononi mwa askari na kuirudisha mahali ilipokuwa zamani, katika mlango wa adabu.

Waislamu wa mji huu wanalijua lile somo la haki ya njia. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakataza masahaba wasikae njiani. Nao walipomweleza kwamba hawana budi na vikao vyao hivyo, hakushikilia katazo, bali aliwaachia kwa sharti kwamba waipe njia haki yake, ambayo ni kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Katazo lilikutana na haja ya watu, likageuka kuwa wajibu juu ya kila mmoja, na wajibu ukadumu kuliko ambavyo katazo lingedumu. Kizazi chetu kimelishika sharti la kwanza kwa namna ya kuchekesha, kwani macho tumeyainamisha kweli kweli, ila si kwa haya. Na la tatu ndilo lililotuponyoka, maana mtu akikupita na salamu nawe uko kwenye simu, umemnyima haki iliyo ndogo kuliko zote kuilipa.

Na iwe hivyo basi, ambaye ujumbe wake hauwezi kungoja na asogee ukutani, asimame, ausome, kisha aendelee na safari. Na kaunti nayo iyatazame madeni yake, ikaondoe kokoto, ikafunike mtaro, ikamshushe mwenye trela kutoka kwenye njia isiyokuwa yake. Mimi nimejaribu kulipa langu. Hata hivyo, mpaka leo nikipita pale Kwa Jomvu na simu iko mkononi, ingawa imezimwa, yule mama hulivuta sinia lake ndani kwanza, ndipo anirudishie salamu.