Mzigo Usiogawanyika: Jinsi Mitambo Mikubwa Ifikavyo Kisumu Kutoka Mombasa

Watu wakaao kando ya barabara ya Kericho, Awasi na Ahero wamezoea kuona malori ya kila namna. Lakini mara mojamoja hupita gari lisimamishalo kazi zote. Mbele yake huwapo polisi na gari dogo lenye bendera nyekundu, nyuma yake gari jingine, na katikati chombo kirefu chenye magurudumu yasiyohesabika upesi, kimebeba kitu kilichofunikwa turubai, kikubwa kuliko nyumba. Penye daraja au mteremko mkali huenda polepole hata mtoto aweza kukipita kwa miguu. Wengi husema kwamba injini yake ni dhaifu. Sivyo. Kitu kile huwa ni transfoma ya umeme, au tangi, au sehemu ya kinu cha kusagia mawe ya dhahabu, na mwendo ule wa kobe ulikatwa shauri kabla hakijatoka katika bandari ya Mombasa.

Kutoka Mombasa hadi Kisumu ni safari ya kilomita zipatazo 830 kwa barabara. Njia hupanda kutoka pwani hata vilele vya Mau, kisha huteremka mpaka ziwani. Nguvu za kuvuta mzigo mzito si shida siku hizi. Gari la pili likifungwa mbele au nyuma, kazi hufanyika. Shida ni kile kilicho chini ya magurudumu, yaani lami, udongo na madaraja, pamoja na watu wanaoitumia njia hiyo hiyo.

MELI ILIYOBEBWA VICHWANI

Wazee wa kazi hii walikuwa na njia moja tu, nayo ni kugawanya. Meli ya kwanza ya moshi katika Ziwa Victoria, William Mackinnon, ilitengenezwa Scotland na kampuni ya Bow, McLachlan, kwa ajili ya kampuni ya Waingereza iliyoshika biashara ya Afrika Mashariki wakati ule. Ilitengenezwa makusudi ili ifunguliwe vipande. Vipande hivyo vilifika Mombasa katikati ya miaka ya 1890, wakati ambapo reli ilikuwa haijajengwa, kwa kuwa kazi ya reli ilianza mwaka 1896. Basi vilipewa wapagazi. Mzigo wa mpagazi wa siku zile ulikuwa ratili 60 au 65, yaani kilo 30 hivi, kwa mwendo wa miezi, pamoja na njaa, homa na kiu. Mwaka 1897 askari walioasi Uganda waliivuruga safari ya misafara, na baadhi ya vipande vya meli vikalala njiani. Majina ya mafundi wachache wa meli ile yameandikwa vitabuni. Ya wapagazi walioileta hayakuandikwa.

Kasoro ya njia hiyo ni rahisi kuiona. Kipande kimoja kikipotea, vingine vyote ni vyuma vitupu. Meli ile ilishushwa majini mwaka 1900, miaka mingi baada ya kuagizwa. Hata hivyo iliitangulia reli, ambayo ilifika Kisumu, wakati ule ikiitwa Port Florence, mwezi wa Desemba 1901.

Reli ilipofika haikuua desturi ya kugawanya. Iliongeza ukubwa wa vipande tu. Kilo 30 za mpagazi zikawa tani kadhaa za behewa. Meli Usoga na Rusinga ziliundwa Scotland kwa kufungwa kwa parafujo, kila ubao wa chuma ukaandikwa namba, kisha zikafunguliwa, zikapakiwa melini, zikaletwa Kisumu kwa gari la moshi na kuunganishwa upya, safari hii kwa misumari ya chuma isiyofunguka. Hali kadhalika meli Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, na Uhuru, iliyoanza mwaka 1966. Hiyo Uhuru ilikuwa na reli juu ya sitaha yake, hata behewa likaweza kuingia melini pamoja na mzigo wake na kutoka ng'ambo ya ziwa bila kuguswa na mpakuzi. Ilikaa miaka mingi bila kazi, ikarudishwa majini mwaka 2019.

VITU VISIVYOKUBALI KUKATWA

Mitambo ya migodi mingi nayo hugawanywa. Lori la mgodini libebalo tani 90 za mawe huwa na upana wa mita 6 hivi, na hakuna barabara ya nchi hii iwezayo kulipitisha zima kama gari la kawaida. Basi huondolewa magurudumu yake na sanduku lake la nyuma. Sanduku huletwa vipande vipande na kuchomelewa mgodini. Kinu cha kusagia mawe, ambacho ni pipa kubwa la chuma lizungukalo likiwa na mipira ya chuma ndani, huja nusu kwa nusu au robo kwa robo.

Transfoma haikubali hayo. Ndani yake mna nyaya za shaba zilizozungushwa juu ya chuma na kufunikwa karatasi, na unyevu kidogo tu wa hewa waweza kuiharibu. Kitu kiwezacho kupunguzwa ni mafuta yake, ambayo ni tani nyingi. Hutolewa, na mahali pake hujazwa hewa kavu au gesi ya naitrojeni, kisha mwili wa transfoma husafiri peke yake ukiwa umefungwa. Mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu, iliyoanza kutoa megawati 60 mwaka 2008, na vituo vya umeme vilivyo karibu na Kisumu, vilihitaji vyombo vya namna hiyo.

Hapa ndipo sheria hutofautisha mizigo miwili. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki uzito wa juu wa lori na mzigo wake ni tani 56. Mwenye saruji au mahindi akizidisha, ana kosa, kwa sababu magunia hugawanyika. Na apeleke malori mawili. Mwenye transfoma ya tani 80 hawezi kuikata. Yeye humwendea mwenye mamlaka ya barabara kuu, ambaye katika Kenya ni KeNHA, akaomba kibali maalum, akieleza uzito, urefu, upana, kimo na kila barabara atakayopita.

HESABU YA MAGURUDUMU

Mtu aweza kuuliza: ikiwa tani 56 ni nyingi, je, kibali cha karatasi hupunguzaje uzito wa tani 120? Hakipunguzi. Jambo litazamwalo ni uzito ambao kila ekseli huukanyagisha barabarani. Tuseme transfoma ya tani 80 imewekwa juu ya trela la tani 40. Jumla ni tani 120, bila kulihesabu gari livutalo. Trela likiwa na ekseli 12, kila moja hukanyaga kwa tani 10, ambazo ndizo ziruhusiwazo kwa ekseli moja yenye magurudumu manne. Likiwa na ekseli 6, kila moja hukanyaga kwa tani 20.

Wengi hudhani kwamba tani 20 huharibu mara mbili ya tani 10. Ukweli ni mbaya zaidi. Kati ya mwaka 1958 na 1960, katika jimbo la Illinois huko Marekani, barabara za majaribio zilijengwa na malori yakaendeshwa juu yake tena na tena, mpaka lami ikavunjika. Ilionekana kwamba uzito wa ekseli ukiongezwa mara 2, madhara huongezeka kiasi cha mara 16. Kwa hesabu hiyo, trela letu la ekseli 6 huiumiza barabara mara 8 kuliko lile la ekseli 12, ingawa mzigo ni ule ule. Ndiyo sababu ya magurudumu mengi. Na mwenye lori la mchanga ajazaye kupita kiasi usiku ili kukwepa mizani hufanya uharibifu ambao transfoma yenye kibali haifanyi.

Miguu ya trela kama hilo huunganishwa kwa mirija ya mafuta. Gurudumu likiingia shimoni, mguu wake hurefuka, na mafuta hugawa uzito upya kwa miguu mingine, hata mzigo hukaa sawa juu kama maji ndani ya sufuria. Dereva peke yake hawezi kuliongoza. Penye kona kali mtu wa nyuma huyageuza magurudumu ya nyuma.

Daraja lina hesabu yake. Lami huulizia ekseli moja moja, lakini daraja hubeba zote zilizo juu yake kwa wakati mmoja. Kwa hiyo magari mengine husimamishwa pande zote mbili, na trela hupita peke yake, katikati ya daraja, kwa mwendo wa mtu atembeaye, bila kukanyaga breki wala kubadili gia, kwa kuwa mshtuko huongeza uzito. Mwenye kupiga honi nyuma ya msafara hapo anaomba jambo asilolijua.

MTEREMKO WA MAU

Watu hustaajabia mlima upandwao, lakini madereva huogopa mlima ushukwao. Breki hufanya kazi kwa kusuguana, na kusuguana huzaa moto. Dereva akishuka kwa gia kubwa huku amekanyaga breki daima, vyuma vyake hupata joto mpaka visishike tena. Dawa ni kuingia gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, si katikati yake. Na kwa mzigo mkubwa, kufunga gari la pili nyuma ili livute kinyume, kama wachungaji washikavyo mkia wa ng'ombe mtoni.

Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lililobeba kontena liliacha njia, likagonga magari na watu waliokuwa wakifanya biashara kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Lori hilo halikuwa la mitambo mikubwa, wala halikuwa na kibali maalum. Lilikuwa lori la kila siku. Msafara wenye kibali una polisi na bendera, na wauzaji huambiwa wasogee. Malori mengine hupita bila mtu wa kuyatangulia, na vibanda vya viazi na mahindi ya kuchoma vimejengwa pale pale yanaposhukia. Mahali pa kuuzia palipo mbali na lami lingekuwa jambo la gharama ndogo kuliko trela moja.

Baada ya Kericho njia hushuka katika uwanda wa Kano. Hapo hakuna mlima, bali kuna udongo mweusi ambao hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Trela likitoka nje ya lami hatua chache tu wakati wa mafuriko ya mto Nyando, laweza kuzama mpaka sakafu yake, na winchi ya kulitoa huenda ikang'oa mti uliofungiwa.

Kutoka Kisumu kwenda migodini, mambo huwa magumu zaidi. Dhahabu ilipovuta watu Kakamega kuanzia mwaka 1931, mji mkubwa wa reli uliokuwa karibu ulikuwa Kisumu, kilomita zipatazo 50 kusini, na kati yake ulikuwapo ukingo wa mawe wa Maragoli. Macalder, ambako shaba ilichimbwa mpaka miaka ya 1960, iko mbali zaidi, upande wa Migori. Njia za huko hazikujengwa kwa tani 120. Mara nyingi mwenye mgodi hulazimika kuijenga barabara kwanza, kama ilivyofanyika kaskazini mwa Kenya, ambako kilomita zipatazo 208 za njia zilitengenezwa upya kabla mitambo 365 ya upepo haijapelekwa karibu na Ziwa Turkana.

Mzigo ukifika, winchi ya kuuinua haipo aghalabu. Mafundi huusukuma kwa jeki juu ya mihimili iliyopakwa grisi, sentimita chache kwa kila mkupuo, kwa siku nzima au mbili. Kisha hufunguliwa kisanduku kidogo kilichofungwa ubavuni mwa transfoma tangu kiwandani. Kisanduku hicho huandika kila mtikisiko, pamoja na siku na saa yake. Mwenye mali, mchukuzi na mtu wa bima hukisoma pamoja, na mpaka wakubaliane, hakuna hata mmoja atiaye sahihi.