Kompresa Si Kitu ya Kuchezea: Venye Oili Mbaya na Maji Zinamaliza Mashine, na Zinaweza Kumaliza Msee

Pita Grogan, Gikomba ama Kariobangi Light asubuhi na lazima utaiskia tu. Ile kelele ya tu-tu-tu-tu ya kompresa ikijaza tanki. Msee wa pancha anaitegemea, fundi wa sprei bila hiyo hana job, na gareji yenye spana za hewa haiwezi fungua siku kama imezima.

Lakini uliza mwenyewe alibadilisha oili lini. Wengi watakuangalia tu. Uliza ni lini mara ya mwisho alitoa maji kwa tanki, hapo ndio watacheka kabisa.

Sasa rada ni hii: kompresa nyingi za mtaa hazidedi juu ya uzee. Zinadedishwa na vitu mbili, oili mbaya na maji yaliyokaa ndani. Ya kwanza inakula ganji yako. Ya pili inaweza kula wewe mwenyewe. Na zote mbili zinazuilika bila kuita fundi yeyote.

Kwanza elewa venye inafanya kazi

Kompresa ya kawaida ya gareji ni ya pistoni, kama injini ya nduthi. Pistoni inavuta hewa ya nje, inaifinya, halafu inaisukuma kwa tanki hadi presha ifike kama baa 8. Hiyo ni karibu psi 116, na tairi ya gari ndogo hutaka psi 30 na kitu hivi. Kwa hivyo tunaongea presha si ya mchezo.

Hewa ukiifinya inapata moto. Kama ushawahi jaza baiskeli na pampu ya mkono, unajua venye ile pampu huchoma huko chini. Kwa kichwa cha kompresa joto linaweza kupita digrii 150. Oili ndio inaishi karibu na huo moto siku nzima. Inalainisha pistoni, inasaidia kutoa joto, na inaziba ile nafasi ndogo kati ya ringi na silinda ndio presha isirudi chini.

Oili ikishindwa, kila kitu kingine kinafuata.

Oili ya injini si oili ya kompresa

Hapa ndio wasee wengi huchoma. Oili ikiisha, mtu anachukua ile imebaki ya gari anamwaga ndani. Ama mbaya zaidi, anatumia ile nyeusi imetolewa kwa injini ya mathree. Anaona oili ni oili.

Si hivyo. Oili ya injini ya gari imewekwa dawa za kuosha uchafu na kuushikilia ndani ya oili hadi siku ya sevisi. Kwa injini hiyo ni poa, juu kuna filta ya oili. Kompresa nyingi ndogo za pistoni hazina hiyo filta, kwa hivyo uchafu unazunguka tu. Halafu hizo dawa zinashikilia maji na zikichomeka zinaacha masizi magumu kwa vali za kichwa.

Hayo masizi ndio shida yenyewe. Vali ikishika masizi haifungi vizuri. Hewa moto inarudi kwa silinda, inafinywa tena, inakuwa moto zaidi, masizi yanaongezeka. Unaona tanki inachukua muda mrefu kujaa, mota inachemka, bili ya stima inapanda. Ikifika mbali, masizi na mvuke wa oili zinaweza kushika moto ndani ya paipu inayoenda kwa tanki. Hiyo si stori ya kutishana. Ni kitu kinajulikana vizuri na watu wa hizi mashine.

Kitu ya kununua ni oili imeandikwa ya kompresa. Kwa mashine nyingi za pistoni chupa huwa imeandikwa ISO VG 100, zingine VG 68. Hizo namba ni uzito wa oili. Kitabu cha mashine ndicho mwamuzi, na kama kitabu kilipotea kitambo, angalia kibandiko kwa mashine ama uliza duka inayouza hiyo modeli.

Angalizo: kuna kompresa zingine ndogo hazitumii oili kabisa. Hazina dirisha ya oili wala shimo ya kujazia. Usijaribu kumwaga kitu hapo.

Dirisha ndogo inasema yote

Kando ya mashine, huko chini ya silinda, kuna kioo kidogo cha duara chenye alama nyekundu. Kila asubuhi kabla uwashe, chungulia hapo. Sekunde tano tu.

Oili ikiwa katikati ya alama, uko sawa. Ikiwa chini, ongeza. Ikiwa juu sana, punguza, juu oili ikizidi inarushwa juu na kutoka na hewa. Fundi wa sprei anajua uchungu wa hiyo: rangi inakataa kushika, inaacha vishimo vya duara, na gari ya mteja inarudiwa yote.

Rangi pia inaongea. Oili nyeusi imechomeka. Oili yenye inakaa kama chai ya maziwa imeingia maji. Hii ya maziwa hutokea sana kwa kompresa inayofanya kazi dakika mbili mbili halafu inazimwa. Haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, haswa wakati wa baridi ya Julai.

Mashine mpya huwa inataka oili ya kwanza itolewe mapema, nyingi baada ya kama masaa 50 ya kazi, juu vyuma zikizoeana zinaacha unga wa chuma ndani. Baada ya hapo fuata masaa ya kitabu. Ukibadilisha, washa mashine dakika chache oili ipate joto, zima, toa plagi, toa presha yote, ndio ufungue nati ya chini. Na hiyo oili mzee usimwage kwa mtaro.

Maji ndio adui halisi

Hewa unayopumua iko na maji ndani, tu huyaoni. Ukiifinya na ipoe kwa tanki, maji yanajitenga na kukaa chini.

Tupige hesabu. Kompresa inayovuta lita 200 za hewa kwa dakika, siku ya joto na unyevu kama ya Mombasa, inaweza kufinya karibu robo lita ya maji kwa kila saa inayonguruma. Mengine yatatoka na hewa kwa paipu, lakini mengi yanabaki chini ya tanki. Wiki moja bila kutoa, unabeba ndoo ndani ya chuma.

Na chuma na maji zinafanya nini? Kutu. Lakini hii kutu iko ndani, chini, mahali huwezi ona. Nje tanki bado inang'aa na rangi yake nyekundu, kumbe ndani bati inaendelea kuisha pole pole.

Siku bati ikishindwa kubeba presha, haitoboki tu kama tairi kila wakati. Inaweza kupasuka. Tanki ya lita 100 ikiwa na baa 8 imebeba nguvu karibu sawa na gari ya kilo 1,000, saizi ya Vitz, ikiwa inaenda kilomita 70 kwa saa. Sasa imagini hiyo Vitz ikifika yote mara moja ndani ya kibanda cha mabati chenye umekaa na wenzako wawili.

Dawa yake ni bure. Chini ya tanki kuna koki. Kila jioni zima mashine, punguza presha ibaki kidogo, fungua koki pole pole uso ukiwa kando, acha maji yatoke hadi hewa kavu itoke. Kama maji ni ya rangi ya kutu, jua tanki imeanza kuliwa. Ita mtu wa kuipima kabla uendelee.

Vitu hufai kujaribu hata siku moja

Usichomelee tanki. Tanki ikitoboka, kuna fundi atakuambia anaziba na doa moja ya welda. Kataa. Shimo moja ni dalili bati yote ya hapo imekuwa nyembamba, na moto wa kuchomelea unabadilisha nguvu ya chuma kando yake. Hiyo tanki kazi yake imeisha. Nunua ingine.

Usizibe vali ya usalama. Ni ile ndogo yenye ringi juu. Kazi yake ni kutoa hewa kama swichi ya presha imekataa kuzima mota. Ukiona inavuja, badilisha. Kuna watu huitoa na kuweka bolti ndio kelele iishe. Hapo umetoa kitu cha mwisho kilikuwa kinakulinda. Vuta ringi yake mara moja moja uone inapumua na kurudi vizuri.

Usiongeze presha kupita namba imeandikwa kwa kibandiko cha tanki. Hata mteja akiwa na haraka.

Usitoe kava ya mkanda. Mkanda ukilegea unateleza na kuchemka, kwa hivyo uukaze, lakini kava irudi mahali pake. Vidole havina spea.

Filta ya hewa, ndugu ya oili

Kompresa ikiwa kando ya msee anayepiga msasa, inavuta vumbi yote. Filta ikiziba, mashine inahema, inapata moto, na oili inavutwa juu kupita ringi. Toa filta kila wiki, ipulize kutoka ndani kwenda nje. Ikichakaa badilisha, haina bei kubwa. Na sogeza mashine mahali pana hewa safi, mbali kidogo na ukuta ndio feni yake ipoze kichwa.

Na zile kubwa za viwandani?

Kanuni ni ile ile, ila oili inakuwa na kazi zaidi. Kompresa za skrubu zinazonguruma viwandani, oili inamwagwa ndani kabisa ya hewa inayofinywa, inabeba joto, halafu inachujwa na kurudishwa. Nyingi hutumia oili nyepesi kidogo, VG 46. Hapo filta ya oili na kichujio cha kutenganisha zikichelewa, oili inaenda na hewa.

Kama ni gesi ingine, mambo yanabadilika. Gesi ya kupika, kwa mfano, inaweza kuyeyuka ndani ya oili ya kawaida na kuifanya nyepesi kama maji, kwa hivyo oili yake huchaguliwa spesheli. Na oksijeni ndio noma kuliko zote: oili ama grisi ikipatana na oksijeni ya presha inaweza kulipuka moto bila kiberiti. Ndio maana msee wa kuchomelea na gesi hafai kupaka grisi kwa nati ya mtungi wa oksijeni, hata ikiwa ngumu aje.

Sheria inasemaje

Kenya iko na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Inataka tanki za hewa za mahali pa kazi zisafishwe na kukaguliwa na mtu aliyeidhinishwa, angalau mara moja kila miezi 24. Wenye kusimamia hiyo ni DOSHS, ile idara ya serikali ya usalama kazini. Kama umeandikwa kazi mahali na tanki haijawahi kaguliwa, uko na haki ya kuuliza. Si kujifanya mjuaji. Ni wewe unasimama kando yake kila siku.

Kwa hivyo asubuhi chungulia oili, jioni toa maji, Ijumaa osha filta na ucheki mkanda. Haimalizi dakika kumi. Na kama kuna msee mtaani unajua anazibia tanki yake na welda, mtumie hii leo.