Mapigo ya Pamoja: Saikolojia, Ngoma na Ustawi wa Jamii

Mwanasaikolojia anayetafiti muziki na ngoma hukabiliwa na swali: ni nini hasa katika ngoma kinachowaunganisha watu? Mwaka 2015, Bronwyn Tarr na wenzake walionyesha kwamba vijana wa Brazili waliocheza kwa mwendo mmoja walihisi ukaribu na kustahimili maumivu kuliko waliocheza kila mmoja kivyake. Nchini Rwanda, kundi la Ingoma Nshya, lililoanzishwa na Odile Gakire Katese, liliwakutanisha wanawake wa pande zote za mauaji ya kimbari kupiga ngoma, kazi iliyokuwa ya wanaume. Hapa, mapigo ya pamoja pekee hayatoshi kuwa maelezo. Mwiko nao ulivunjwa. Basi mtafiti asiishie kupima miili, bali awasikilize wapigaji wenyewe.