Walsi, Dansi Iufaayo Moyo

Jamaa wengi hushangaa wakisikia kuwa mgonjwa wa moyo aweza kucheza dansi. Hudhani dawa yake ni kukaa kitini tu. Tuitazame walsi.

Dansi hii ilitoka kwa wakulima wa Austria na kusini mwa Ujerumani katika karne ya 18. Mume na mke hushikana, wakazunguka kwa hesabu ya moja, mbili, tatu. Kwa sababu ya kushikana huko, mwaka 1816 gazeti la The Times la London liliilaumu kuwa haina adabu.

Mwaka 2008 waganga wa Italia walieleza habari nyingine. Wagonjwa ambao moyo wao hausukumi damu vizuri walicheza walsi, ya polepole na ya haraka kwa zamu, dakika 21, mara 3 kwa juma, kwa majuma 8. Walipata nguvu sawa na wenzao waliofanya mazoezi ya baiskeli na kutembea.

Basi, mgonjwa amwulize kwanza mganga wake. Akiruhusiwa, aanze taratibu. Akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kumwishia, aache mara moja na apelekwe hospitali. Wazee wetu tusiwaache kitini kutwa.